Mzinga wa Edah na Kuku wa Kipkemei

Mzinga wa Edah ulianza kulia asubuhi, na wa kwanza kuusikia alikuwa yule mwenye sababu ya kujifanya kiziwi.

Festus Sifuna alikuwa ameketi nje ya jikoni, kikombe cha chai mkononi, viatu vya kazi tayari miguuni. Siku nyingine nyuki wale wakiamka huvuma kama wazee waliokula wakashiba: sauti ya chini, isiyo na haraka. Leo walivuma kama wafiwa. Sauti ilipanda, ikashuka, ikapanda tena, haikupata mahali pa kutua. Festus akavuta chai kwa mdomo, kwa kelele kubwa kuliko chai yenyewe ilivyohitaji.

"Baba Rosaline!" Edah aliita kutoka nyuma ya nyumba. "Hebu njoo usikie."

"Nimechelewa kazi."

"Njoo tu bana. Hawa nyuki wako na shida."

Ardhi ya boma lile, pale Kanduyi, ilikuwa ya ukoo wa kina Sifuna. Nyumba ilikuwa ya Festus. Ng'ombe alikuwa wa Festus, ingawa ng'ombe mwenyewe, angeulizwa, angesema anamjua Edah tu. Kitu kimoja bomani ambacho hakuna shemeji wala wifi angeweza kukinyooshea kidole aseme "hicho ni chetu" kilikuwa mzinga ule uliofungwa kwa waya kwenye mparachichi. Edah alipewa na mama yake wa Kitale alipojifungua Rosaline. Sasa Rosaline alikuwa kidato cha tatu, akisomeshwa nusu na baba yake, nusu na nyuki.

Edah alivaa overoli yake nyeupe na wavu wa uso, akawasha bomba la moshi, akafungua kifuniko. Festus alibaki kwenye kona ya nyumba akihesabu kuku ambao hakuna mtu alikuwa amewaulizia. Alisikia kijiti cha kwanza cha kushikia sega kikiinuliwa, cha pili, cha tatu. Cha nne hakikuinuliwa.

"Tumeibiwa," Edah akasema.

"Nani? Nini?"

"Asali! Na si asali peke yake. Mtu amekata kila kitu kama anafyeka nyasi. Masega ya watoto wadogo ameyabeba. Yenye yamebaki ni ya watoto wakubwa, wameshazibwa kwa nta. Na mama yao, malkia, simwoni. Yai hata moja hakuna." Alivua wavu, macho yamemjaa maji, na haukuwa moshi. "Kama wangebaki na mayai wangejilelea mama mwingine. Huyu mtu amewachukulia mama na akawachukulia mayai. Ni roho gani hiyo, Baba Rosaline?"

"Mbaya," Festus akasema. "Roho mbaya kabisa."

*

Sasa sisi tuuseme ukweli, kwa sababu Festus hakuusema.

Festus alikuwa msimamizi wa stoo katika hadware ya Gurdip Singh mjini Bungoma. Baba yake Gurdip, mzee Harbhajan, alikuwa na kikohozi kisichosikia dawa, na siku moja Gurdip alisema mbele ya wafanyakazi kwamba anatafuta asali safi, si ile ya barabarani ambayo ni sukari guru iliyochemshwa. Festus akakohoa kidogo, akasema, "Bosi, mimi nafuga nyuki."

"Wewe?" Gurdip akacheka. "Wewe mtu unakimbia mende wa stoo?"

Vijana wa kubeba saruji walicheka pia. Kicheko hicho ndicho kilichouza mzinga. Edah alipokwenda Misikhu kulala matangani, Festus alisubiri jioni iingie, akajisukuma ndani ya overoli ya mkewe hadi kitu kikalia "prrr" upande wa nyuma, akatoa moshi wa kutosha kukausha samaki, akakata. Alikata chochote kilichofanana na sega. Yale yaliyokuwa meupe yenye vijusi ndani aliyaona yameharibika, akayatupa chooni. Mkebe mmoja mkubwa ukajaa asali.

Alipokuwa akirudisha vijiti, aliona nyuki mmoja mrefu, mwenye tumbo la kuburuta, anatembea polepole huku wengine wakimpisha na kumlisha. Wanaume wengi wamewahi kuona mtu mwenye tumbo kubwa anayelishwa bila kufanya kazi, wakadhani ni mwanamume mwenzao. "Dume hili," Festus akajisemea, "linakula jasho la Edah bure." Akalifinya kwa kidole gumba. Alifunga mzinga akijiona amemtendea mkewe wema.

Mzee Harbhajan alilamba ile asali akapata usingizi. Gurdip naye akaanza kumwita Festus "daktari wa nyuki" mbele ya wateja. Kwa siku chache Festus alitembea kifua mbele, kama mtu aliyepandishwa cheo kisicho na mshahara.

*

Kipkemei alikuwa amekodi shamba lililopakana na boma lao, la ndugu wa mzee Wakhungu. Alitoka upande wa mlimani, Elgon, akalima nyanya na vitunguu, mtu mpole wa kuingia bomani bila hodi na kuacha nyanya zilizopasuka jikoni kwa Edah, "hizi sokoni hawataki, lakini kwa sufuria hazijui kama zimepasuka." Yeye ndiye aliyemfundisha Edah kupaka oili chafu kwenye waya wa mzinga ili siafu wasipande.

Wema huo sasa ukageuka ushahidi.

"Nani mwingine hapa anajua mambo ya asali?" Edah aliuliza. "Watu wa mlimani na asali ni paka na maziwa. Na alijua niko matanga. Si alinisindikiza mwenyewe mpaka steji ya matatu?"

"Labda tusiharakishe," Festus akasema.

"Unamtetea?"

"Simtetei. Nasema tu... watu ni wengi."

Watu walikuwa wengi kweli, na jioni walikusanyika kwa mzee Wakhungu, mzee wa kijiji, ambaye wote walimwita mukasa. Alikuwa mzee wa haki, ila haki yake ilipenda njia fupi. Alimsimamisha Kipkemei katikati.

"Wewe kijana, asali ya huyu mama iko wapi?"

"Mzee, mimi sijagusa." Kipkemei aliomba auone mzinga, akapelekwa, akachungulia, akarudi akitikisa kichwa kama fundi cherehani aliyeonyeshwa suti iliyokatwa kwa panga. "Hii hata mnanitukana. Kwetu mtoto wa kuchunga mbuzi hawezi kuvuna hivi. Asali inachukuliwa nyuma, watoto na mama wanaachwa mbele. Mtu amefanya hii kazi hajui nyuki. Amevuna kama mtu anachimba choo."

Festus aliona masikio yakimwaka moto.

"Aha!" Wakhungu akainua fimbo. "Kwa hivyo wewe unajua nyuki."

"Najua, mzee, ndiyo maana nasema..."

"Tumeuliza nani anajua nyuki hapa. Wewe mwenyewe umejibu. Andika hiyo kwa kichwa yenu, wote mmesikia." Watu wakaguna kwamba wamesikia. "Sasa sitaki polisi, sitaki kelele. Huyo mzinga ukikufa, shamba ya ndugu yangu utaachia hapo mavuno ikiisha, uende. Ukipona, utaletea huyu mama kuku, mkule pamoja, iishe. Mwenye boma, ongea."

Festus alisimama. Maneno yalikuwa pale pale nyuma ya meno. Mtu akimgonga mgongoni yangetoka. Hakuna aliyemgonga.

"Mimi naona," akasema, "tusimwonee mtu."

"Mnasikia?" Wakhungu akawageukia watu. "Ameibiwa na bado ana huruma. Huyu ndiye mwanamume!" Watu wakapiga makofi. Kipkemei akaja akamshika Festus mkono kwa mikono yake miwili.

"Asante, jirani. Wewe peke yako."

Mikono ya Kipkemei ilikuwa imekauka udongo. Festus alikwenda nayo hadi nyumbani, kana kwamba imesahaulika kwenye kiganja chake.

*

Tangu siku hiyo watoto wa njiani wakimwona Kipkemei walipiga kelele, "Asali! Asali!" wakatawanyika. Mama wa kioski alianza kufunika mtungi wa sukari kila alipoingia. Edah alinunua nyanya sokoni, akapita nazo kando ya ua wa Kipkemei zikiwa juu ya kikapu, zionekane. Na nyuki wakaendelea kulia.

"Dawa iko moja tu," Edah alisema. "Sega lenye mayai kutoka kwa mzinga mwingine. Wakilipata wataliona, wachague yai, walilee liwe mama. Mama yangu Kitale anayo. Lakini nikiacha kibanda changu cha mboga saa hii kabichi zimeiva, zitaoza zote."

"Nitaenda mimi," Festus akasema.

Edah alimtazama kama amesema atakwenda mwezini. Kwa Wabukusu, kama kwa Waluhya wengine, mtu na mama mkwe wake hawashikani mikono. Hawali meza moja. Wakikutana njiani, mmoja hukumbuka shughuli vichakani. Festus, tangu aoe, alikuwa amemwona Mama Nakhumicha kisogo tu, na kisogo chenyewe kilimtia adabu.

"Kwa mama yangu? Wewe?"

"Gurdip anaenda Kitale kuchukua mabati. Atanibeba na pikapu."

Edah akaenda kumtafutia shati la safari. Baadaye, akiwa anampigia shati pasi, alisema kwa sauti ambayo Festus hakuwa ameisikia kwa muda mrefu, "Sikujua unapenda huu mzinga hivi."

Ni afadhali angempiga na hiyo pasi.

*

"Daktari!" Gurdip alisema wakiwa wamepita Webuye. Alizaliwa Bungoma, baba yake alizaliwa Bungoma, na alisalimia askari wa barabarani "mulembe" kwa lafudhi nzuri kuliko askari wenyewe. "Mgonjwa anaendeleaje?"

"Mgonjwa gani?"

"Mzinga wenu. Wewe ulisema mtu ameiba. Watu wabaya sana. Bahati yetu wewe ulinivunia ile ya baba kabla mwizi hajakuja, eh?"

"Bahati," Festus akasema, akafungua dirisha.

"Huyo mwizi mlimshika?"

"Kuna mtu... wanasema ni mtu."

"Wanasema au ni yeye?"

Festus akaanza kusifu mahindi ya barabarani, hekta kwa hekta, mpaka Kitale.

Pauline, dada mdogo wa Edah, alimngoja mtaa wa Tuwan, akicheka hata kabla hajasalimiwa. Mtu na shemeji yake wana ruhusa ya kutaniana, na Pauline aliitumia ruhusa hiyo yote, hakubakisha chenji.

"Shemeji! Umekuja kuoa mara ya pili ama ile ya kwanza imekushinda?"

Walikwenda kwenye kishamba cha marehemu baba yao, nje kidogo ya mji, ambako mizinga ilipangwa chini ya mikaratusi. Mama Nakhumicha alikuwa amesimama upande wa pili wa mzinga, amewapa mgongo, leso kichwani. Hakuvaa wavu wala glavu. Kati ya mgongo wake na Festus palikuwa na hatua chache, lakini mila iliwaweka mbali kama Bungoma na Mombasa. Kwa hiyo kila neno lilipitia kwa Pauline.

"Muulize kama amefika salama," Mama Nakhumicha alisema.

"Shemeji, umefika salama?"

"Mwambie mama nimefika."

"Mama, amefika."

"Nimesikia. Mwambie pole kwa mwizi. Muulize huyo mwizi aliacha mzinga wazi?"

"Hapana," Festus akamwambia Pauline. "Alifunika vizuri tu. Hata waya alirudisha."

Kisogo kiliinuka kidogo. "Mwambie huyo ni mwizi mwenye heshima sana."

"Mama anasema..."

"Nimesikia, Pauline."

Mama mkwe alipuliza moshi kidogo, kama mtu anayepoza uji wa mtoto, akafungua. "Mwambie aingize suruali ndani ya soksi."

"Shemeji, suruali kwa soksi."

"Mwambie mama mimi si mgeni wa nyuki," Festus akasema. Neno "daktari" lilikuwa bado linamvimbisha mahali fulani.

Mama Nakhumicha alitoa kijiti kimoja polepole, sega limening'inia juu yake, limejaa nyuki hadi halionekani. "Pauline, kabla sijakata lolote lazima nimpate mama yao, nisije nikampeleka Bungoma na yeye. Huyu hapa. Muonyeshe huyo bwana, aone anachotafuta."

Pauline alilishika sega, akamsogezea Festus. "Huyo mrefu, shemeji. Unamwona? Mwenye tumbo. Ona wanavyompisha."

Festus alimwona. Tumbo lile la kuburuta. Mwendo ule wa polepole. Wenzake wamemzunguka wote wakimwelekea, kama watu kwenye moto wakati wa baridi. Kidole gumba chake kilikumbuka kabla yake. Kilikumbuka hata ule ulaini.

"Kumbe ndiye huyu," akasema.

Hakusema kwa nguvu. Lakini kisogo cha Mama Nakhumicha kilikuwa na masikio.

"Pauline. Muulize, kumbe ndiye nani?"

Pauline alimtazama shemeji yake. Kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuwa na utani.

Na hapo, kwa sababu nyuki hawana mila ya kungoja mtu amalize aibu moja kabla ya kuanza nyingine, wa kwanza akapanda kifundo cha mguu wa Festus, akaingia ndani ya suruali. Wa pili akamfuata. Festus alisimama wima, kwa adabu. Wa tatu alipofika mahali ambapo adabu huishia, Festus alitoa sauti ambayo ukoo wa Sifuna haujawahi kuitoa mbele ya wakwe, akakimbia kati ya mikaratusi akifungua mkanda, suruali ikamfika magotini, akaanguka, akainuka, akaivua yote, akaipigapiga chini kama nyoka.

Mama Nakhumicha hakugeuka. Alijifunika leso uso mzima, akasimama hapo kama mlingoti. Pauline alikuwa ameinamia shina la mti, mabega yakimtetemeka.

Ilichukua muda suruali kurudi mahali pake. Festus alipokaribia tena, paja limevimba na macho yako chini, sega lenye mayai lilikuwa tayari ndani ya katoni, limening'inizwa lisiguse pembeni, limefunikwa kwa taulo lenye joto.

"Pauline," Mama Nakhumicha alisema, bado yuko ndani ya leso. "Mwambie asiinamishe hiyo katoni. Sega likivunjika, kazi imekwisha. Na mwambie ile ya suruali, tutaisafisha kwa kuchinja kondoo. Mila iko."

"Mama anasema..."

"Sijamaliza. Mwambie ile ingine, kondoo hawezi."

Pauline hakurudia. Hakukuwa na haja.

*

Gurdip, ambaye siku zote aliruka matuta kama yanamdai, aliendesha gari siku hiyo kama amebeba mayai, na kweli alikuwa amebeba. Nyuki wawili waliokuwa wamejificha kwenye taulo walitoka wakazunguka ndani ya gari. "Waache," alisema. "Wakipenda kilemba changu watajenga, baba atapata asali nyumbani." Festus alishika katoni mapajani, kwenye uvimbe, hakuihamisha. Maumivu yalimfaa. Ulikuwa ushuru mdogo, na alitamani sana uwe ndio deni lote.

Edah aliliweka lile sega katikati ya mzinga jioni ile ile. Pauline alikuwa ameshapiga simu kuhusu suruali, na Edah alicheka hadi akakaa chini, kicheko cha kwanza tangu matanga. Kuhusu lile neno jingine, Pauline hakusema. Alimwachia Festus mwenyewe.

Siku zilivyokwenda, nyuki walijenga kitu kinachoning'inia kwenye sega, mfano wa karanga yenye ganda. Edah alimwita Festus aone. "Hapo ndani mama analelewa," alinong'ona, akamshika mkono. Ndani ya siku hizo Festus alimletea Kipkemei misumari kutoka dukani, akamsaidia kubeba masanduku ya nyanya, akamnunulia soda mbele ya watu. Kila wema ulimrudia na asante, na kila asante ilikuwa na uzito kuliko ile ya jana.

Nyanya za Kipkemei zilikuwa zinamalizika shambani pale mzinga uliponyamaza. Edah alifungua, akaona mayai, moja moja ndani ya kila kijumba, meupe kama vipande vya uzi. Akafunga kifuniko, akaegemea mparachichi, akasema "Asante Mungu" na "Asante Baba Rosaline" kwa pumzi moja.

*

Kipkemei alikuja Jumapili, amevaa koti la kanisani, jogoo mwekundu kwapani. Alisimama getini akabisha hodi. Yeye, ambaye zamani aliingia na nyanya hadi jikoni.

"Karibu, jirani," Edah alisema. Alikuwa mkarimu siku hiyo. Ni rahisi kuwa mkarimu mtu akiwa ameshinda. Mukasa alikuwa ametuma neno kwamba hawezi kuja kula, ana mkutano wa kijiji alasiri uwanjani pale karibu na kwake, lakini wale watatu wakishiba wafike, atangaze mbele ya watu kwamba mambo yamekwisha.

Jogoo akachinjwa, akapikwa, ugali ukasongwa. Edah alipakua. Juu ya sahani ya Festus, mahali pake pa siku zote, iliketi firigisi, kwa sababu katika boma la Mluhya kuku anaweza kupotea kila kiungo njiani, lakini firigisi itamfikia mwenye boma.

"Kabla sijakula," Kipkemei alisema, "Mama Rosaline, nataka kushukuru. Mimi sikuiba. Lakini nashukuru kwa kunisamehe."

"Yameisha, jirani. Mungu ndiye anajua."

"Ndiyo. Mungu anajua."

Wote wawili wakamtazama Festus, wakingoja aanze. Aliichukua firigisi, akaifikisha karibu na mdomo. Ilikuwa imeiva vizuri, inanukia. Akasikia sauti ya Pauline ambayo Pauline mwenyewe hakuitoa: kondoo hawezi.

Akanyoosha mkono, akaiweka firigisi kwenye sahani ya Kipkemei.

"Baba Rosaline," Edah akacheka kwa mshangao, "hiyo ni yako."

"Hapana, jirani," Kipkemei akasema, akiirudisha. "Hii ni ya mwenye boma."

"Mwenye boma ndiye mwizi," Festus akasema.

Nje, kuku mwingine alitaga akatangaza.

"Nilivuna mimi. Ulipokuwa Misikhu. Asali nikampelekea baba yake Gurdip, nionekane mtu. Masega ya watoto nikatupa choo. Mama yao nilimuua na hiki kidole." Alikiweka juu ya meza, kama atakiacha hapo. "Nilidhani ni dume."

Edah hakupiga kelele. Aliuliza kitu ambacho Festus hakuwa amekijiandalia.

"Ulivaa overoli yangu?"

"Ndiyo."

"Ndiyo maana ilipasuka nyuma." Aliongea polepole, kama mtu anayehesabu vyombo baada ya wageni wabaya. "Nikaishona. Nilidhani nimenenepa. Nikaanza kupunguza ugali, Baba Rosaline. Na wewe unaniona napunguza ugali."

"Mama Rosaline..."

"Nyamaza." Akamgeukia Kipkemei, na hapo sauti ikamvunjika. "Mimi nilikuita mwizi."

"Uliniita."

"Mbele ya watu."

"Mbele ya watu," Kipkemei alikubali. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa na uchovu. Akaisukuma sahani katikati ya meza, firigisi juu yake. "Jirani, nyama hii ni jogoo wangu, nitamla nikitaka. Lakini mimi sikuitwa mwizi hapa jikoni."

"Kesho mapema," Festus akasema haraka, "nitaenda kwa mukasa, nimwone polepole, mimi na yeye tu, yeye ataona vile atawaambia..."

"Watu wako pale uwanjani saa hii," Kipkemei akasema.

Edah alisimama. Akafunika chakula kwa sinia, akavua kitambaa cha jikoni, akafunga kingine cha safari. Akafungua mlango.

"Labda wewe uanze," Festus alimwambia, akitafuta kofia ambayo haikuwa imepotea. "Uwaeleze kidogo, uwatulize, halafu mimi nitaingilia pale katikati..."

"Twende," Edah akasema. "Leo hakuna Pauline."

Wakatoka. Edah alitangulia bila kugeuka, kisogo chake kimefanana kabisa na kile cha Kitale. Kipkemei akafuata, koti mkononi. Festus akaja mwisho, akipita karibu na mparachichi ambapo nyuki walivuma ile sauti yao ya zamani, ya chini, ya walioshiba.

Penye kona ya kioski watoto waliwaona. "Asali!" wakapiga kelele. "Asali! Asali!"

Kipkemei hakugeuza kichwa; alikuwa ameshazoea. Festus alisimama, akainua mkono kama mwanafunzi anayeitwa jina.

"Ni mimi," akasema. "Asali ni mimi. Mniite mimi."

Watoto walicheka hadi wakashikana mabega. Mzee Sifuna naye, kwa mzaha! Edah hakucheka, wala hakupunguza hatua. Kipkemei ndiye aliyetazama nyuma, akamwona amesimama pale peke yake na mkono wake juu, akapunguza mwendo, akamngoja.